Lupu Imekwama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kupanga Ngoma za Kielektroniki

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaotengeneza biti vyumbani mwao: Kondele, Nyalenda na Manyatta za Kisumu, wengine Kakamega na Nakuru. Wengi hawana shida ya kupata sauti. Shida huanza sauti zikishapatikana, inapobidi zipangwe ziwe ngoma yenye mwanzo, katikati na mwisho. Majibu yanahusu hapo tu. Ya kumiksi tuyaache kwa siku nyingine. Nikisema baa, ni mapigo manne; nikisema lupu, ni kipande kifupi kinachojirudia.

Nina lupu ya baa nane, tamu kweli, lakini kila nikitaka kuiendeleza nakwama. Nimeishiwa?

Hujaishiwa. Mara nyingi ni kinyume chake: umemwaga kila ulichonacho ndani ya zile baa nane. Kiki (lile pigo zito la chini) ipo, klapi ipo, besi, chodi, pedi (sauti ndefu laini ya nyuma), melodi mbili, sauti ya mtu iliyokatwakatwa, na kayamba juu yake. Lupu ya namna hiyo ni matatu iliyojaa hadi mlangoni. Abiria mpya haingii mpaka mmoja ashuke. Wewe unahangaika kutafuta cha kuongeza wakati nafasi ya kuongeza haipo, basi unadhani kichwa kimekauka.

Geuza kazi. Tandaza lupu nzima, bila kupunguza chochote, kutoka mwanzo hadi dakika ya nne na ushee. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa moja huchukua sekunde 2, kwa hiyo baa 128 ni dakika 4 na sekunde 16. Sasa anza kufuta. Baa 16 za kwanza zibaki na kiki na kayamba peke yake. Besi iingie baa ya 17. Chodi zisubiri hadi ya 33. Ukifika baa ya 65, toa kiki na besi kwa pamoja, uache pedi na ile sauti ya mtu zielee. Hujatunga noti hata moja mpya, na tayari ngoma inakwenda mahali.

Kuna anayeona huo ni uvivu. Kingston, Jamaika, miaka ya 1970, King Tubby, aliyekuwa fundi wa vyombo vya umeme, alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa akazipitisha kwenye meza yake ya kumiksi, akizima sauti hii na kuwasha ile kwa mkono, akimwaga mwangwi palipobaki wazi. Muziki wa dub ulikua kwa kuondoa. Na athari yake iko karibu katika kila muziki wa kompyuta unaouchezea leo.

Ukimaliza kufuta ndipo utaona panapohitaji kitu kipya kweli. Kwa kawaida ni mahali pawili au patatu, basi.

Kila sehemu iwe na baa ngapi?

Nane, 16 au 32. Mchezaji amezoea mabadiliko yaje hapo hata kama hajawahi kuhesabu.

Ule mwanzo mrefu wa kiki na kayamba peke yake una sababu yake: dijei anahitaji nafasi ya kuunganisha wimbo mmoja na mwingine. Katika disko ya New York ya miaka ya 1970, Tom Moulton alirefusha nyimbo ili watu wasikatishwe wakicheza. Sahani za inchi 12 zikashika soko la vilabu, na house, muziki wa dansi wa Chicago, ikarithi mtindo huo miaka ya 1980. Lakini kama ngoma yako itapigwa kwenye matatu ya kwenda Maseno, au itatumwa kwa WhatsApp, hakuna atakayengoja baa 32 za kiki. Panga ile ndefu kwanza, halafu ukate ya pili inayoanza moja kwa moja kwenye sauti. Kurefusha fupi kunachosha zaidi kuliko kufupisha ndefu.

Tena hesabu sekunde, usihesabu baa tu. Kwa mapigo 112, kasi ya kawaida ya amapiano, baa nane ni kama sekunde 17. Kwa singeli ya Dar es Salaam, inayopita mapigo 200 kwa dakika, baa nane zinakwisha kabla ya sekunde 10. Mpangilio unaotosha kwa moja utachosha kwenye nyingine, au utapita kabla mtu hajaushika.

Nimekulia kwenye benga na ohangla, muziki wa Kijaluo, sasa nafanya house. Muziki wa nyumbani unaweza kunisaidia kwa lolote zaidi ya sampuli?

Sana, na hapa ndipo wengi wetu tunakalia mali bila kujua. Mtu akisema anachanganya asili na elektroniki, mara nyingi ameweka kipande cha nyatiti, kinubi cha Kijaluo, juu ya kiki ya house akakirudia dakika tano. Hilo ni pambo. Hazina yenyewe iko kwenye mpangilio.

Chukua benga. Sikiliza bendi za enzi ya D. O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa linafungua, sauti zinaingia, gitaa linamjibu mwimbaji mwishoni mwa mstari. Maneno yakishasemwa ya kutosha, magitaa yanachukua uwanja na hapo watu hawasikilizi tena, wanacheza. Rumba ya Kongo nayo ina sebene yake, wimbo unapoacha hadithi na kugeuka dansi. Kwa hiyo huna deni la ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. Unaweza kuwa na kizingiti kimoja tu katika ngoma nzima, tuseme dakika ya pili na nusu, na ukikivuka hurudi nyuma. Jaribu hilo kwenye house na uone jinsi maswali ya "sasa niweke nini" yanavyopungua. Nusu ya kwanza kazi yake ni kusema; ya pili ni kuchezesha.

Halafu kuna pakruok. Aliyewahi kukaa kwenye sherehe ya Kijaluo anajua: muziki umepamba moto, mtu anausimamisha, anatoa pesa, anajisifu au anamsifu rafiki yake, shemeji yake, kijiji chao. Watu wanashangilia. Kisha ngoma inarudi, na inarudi na nguvu kuliko ilivyoondoka, ingawa wanamuziki ni wale wale na wanapiga kile kile. Vilabu vya Ulaya vina sehemu ya kutulia katikati ya ngoma inayofanya kazi hiyo kwa pedi na filta, kile kifaa cha kufunika sauti. Wewe unayo iliyo na sababu ya kijamii ndani yake. Katikati ya ngoma yako, kitu gani kinausimamisha muziki? Nani anasema? Ukijibu hayo mawili, umeshapata baa 16 za katikati.

Nyatiti inafundisha uchache. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ubao wa chombo, njuga mguuni, na mdomo wa kuimba. Mtu mmoja ndiye besi, melodi, kiki na haihati. Hana chaneli 40. Fungua mradi wako uliokwama, chagua sauti nne, nyamazisha zilizobaki, na upange ngoma nzima kwa hizo nne kabla hujaruhusu ya tano.

Na Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga, na mwimbaji kiongozi mbele ya wachezaji. Kinachonivutia kama mpangaji ni huyo kiongozi. Mteue wako: sauti moja ya sinthi, au neno moja lililokatwa. Weka sheria kwamba hakuna sehemu inayobadilika mpaka kiongozi aite. Msikilizaji ataijifunza sheria hiyo bila kuambiwa, na baada ya mara mbili ataanza kuusubiri mwito.

Kama unataka sauti yenyewe ya nyatiti au orutu, fidla ya Kijaluo, na unatumia rekodi ya watu, omba ruhusa. Afadhali zaidi, mwite mpigaji studio, mlipe, mpe kasi yako kwenye hedifoni, na umwache apige dakika sita bila kumkatiza. Usikate lupu haraka. Mara nyingi namna alivyoingia, alivyopanda na alivyopoa ndiyo mpangilio unaoutafuta.

Nikisikiliza ngoma ya mtu mwingine napata mawazo, lakini naogopa kuiga.

Iga mifupa. Ingiza ngoma unayoipenda kwenye programu yako, linganisha kasi, uweke alama kila kitu kinapoingia na kinapotoka: besi hapa, klapi pale, kimya kule. Kisha ifute ngoma yenyewe ubaki na alama. Jaza kwa sauti zako. Sheria ya hakimiliki inalinda melodi, maneno na rekodi. Kwamba besi iliingia baa ya 17 hakuna mwenye nayo.

Ukichoka na hofu, chukua mifupa kutoka mtindo wa mbali. Mpangilio wa wimbo wa kwaya ya kanisa juu ya sauti za techno hautamkumbusha mtu yeyote ulikoutoa.

Mwenzangu ananiambia nianze na dropu, pale ngoma inapolipuka. Si ni kuanza na mwisho?

Ni kuanza na mahali unapokwenda. Kama lupu yako ndiyo sehemu yenye moto zaidi, usiiweke baa ya kwanza kwa sababu tu ndiyo uliyoitengeneza kwanza. Iweke baa ya 65. Halafu rudi nyuma ukijiuliza: msikilizaji awe amekosa nini ili hiki kimguse? Kama dropu ni besi nzito, baa nane kabla yake zisiwe na besi kabisa. Kama ni melodi, idokeze mapema kwa noti tatu tu, kwa sauti iliyofunikwa na filta.

Kutoka sehemu moja kwenda nyingine kunasikika kama kumekatwa kwa panga. Nitumie sauti gani?

Swali huwa ni la sauti ya kupanda, upatu uliogeuzwa, mlio wa upepo. Vyote vinasaidia kidogo. Lakini mara nyingi tatizo ni kwamba sehemu mbili zenyewe hazitofautiani, na hakuna mlio utakaoficha hilo. Zisikilize moja baada ya nyingine bila mapambo. Kama huwezi kusema kwa maneno kilichobadilika, rudi ukafute.

Zikishatofautiana, toa kiki kwenye baa ya mwisho. Au kimya cha pigo moja. Inatosha mara nyingi kuliko watu wanavyoamini.

Natumia toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nikifunga sirudi tena kwenye mradi, na stima ikipotea ndiyo basi. Nifanye nini?

Hili si tatizo la ubunifu lakini linaua ubunifu kweli kweli, maana mtu anapanga huku akikimbizana na betri. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi mradi na kutoa faili ya sauti. Kinachokataliwa ni kuufungua tena mradi uliouhifadhi, mpaka ununue. Ukinunua baadaye miradi hiyo itafunguka, kwa hiyo ihifadhi tu.

Kwa sasa, kabla hujafunga, toa kila sauti kivyake kama faili ya WAV, zote zikianzia sehemu moja. Kiki peke yake, besi peke yake, chodi peke yake. Kisha pangia kwenye programu nyingine: Reaper inakupa siku 60 za majaribio bila kukufungia kitu, na BandLab inafanya kazi hata kwenye simu bila malipo.

Na hapa nina ushauri hata kwa aliyenunua kila kitu: fanya hivyo hivyo. Sauti ikishakuwa WAV huwezi tena kurudi kuchezea vitufe vya sinthi saa mbili ukijidanganya kwamba unafanya kazi. Kilichobaki ni kukata, kusogeza na kufuta. Ukwamaji mwingi ninaouona ni wa mtu aliyeacha milango yote wazi. Programu za wizi zilizovunjwa kufuli, achana nazo. Virusi vyake vinaweza kula hata hizo WAV.

Mistari ya skrini na panya vinanichosha kabla sijapanga chochote.

Basi cheza mpangilio kwa mkono. Ableton Live, tangu itoke mwaka 2001, ina ukurasa wa vipande unavyoviwasha kimoja kimoja huku programu ikirekodi ulichofanya. FL Studio nayo ina namna ya kuchezesha vipande moja kwa moja. Simama, weka sauti, washa na kuzima kwa dakika tano kana kwamba kuna watu mbele yako. Utakosea hapa na pale, sawa. Ukirudia kusikiliza utakuta ulishikilia sehemu fulani muda mrefu kuliko ambavyo ungethubutu kwa panya, na kwamba ilistahili.

Nina plagini chache, zile programu ndogo za kuongeza sauti. Nikipata mpya nitafunguka?

Hapana.

Msanii wangu anataka kuimba mwanzo hadi mwisho. Nafasi ya ngoma iko wapi?

Mwambie, kwa adabu. Kama ni mtu mzima wa ohangla aliyekuzidi miaka 30, hutamwambia "hapa umezidi." Mwambie: "Mzee wangu, hapa naomba unipe baa nane watu wacheze. Ukirudi watakuwa wanakungoja." Ataelewa upesi kuliko wewe, kwa sababu jukwaani amekuwa akifanya hivyo miaka yote, ni studio ndiyo inayomfanya ajaze kila pengo.

Upande wako, hesabu sauti ya mtu kama ala. Anapoimba, melodi ya sinthi inyamaze au ibaki kumjibu mwisho wa mstari, vile gitaa la benga linavyofanya. Ukiwa na melodi mbili zinazoshindana hutapanga chochote, utakuwa mwamuzi tu.

Nimeisikiliza mara nyingi mno, sasa sijui kama ni nzuri.

Sikio limezoea, na macho yanalisaidia kudanganya. Ukiona kwenye skrini kwamba dropu inakuja, moyo unaisubiri. Msikilizaji haoni skrini yako. Itoe ngoma kama ilivyo, ibovu hivyo hivyo, iweke kwenye simu. Isikilize ukitembea kuelekea ufuo wa Dunga, au ukiosha vyombo, kwa sauti ya chini. Chukua karatasi. Kila unapojikuta unawaza jambo jingine, andika dakika na sekunde. Usiandike sababu. Ukirudi kwenye programu utakuwa na mahali panne au patano pa kwenda, badala ya wasiwasi wa jumla kwamba ngoma haifai.

Sikiliza pia kwenye spika ya simu yenyewe. Besi ikipotea huko na ngoma ikawa haina kitu, sehemu yako nzima ilikuwa inategemea mtetemo, na kwa wengi watakaoisikia haipo.

Je, kuna mchezo wowote wa kujifungua kichwa?

Mwaka 1975 Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa bunda la kadi zenye maagizo mafupi ya kuvuta bila kuangalia pale msanii anapokwama. Tengeneza zako, kwa karatasi za daftari, na ziwe za kazi: "ondoa kiki baa 16", "besi iongee peke yake", "geuza sehemu ya pili iwe ya kwanza", "mtu mmoja atoe pakruok", "punguza kasi kwa mapigo kumi". Masharti mawili: usichague kadi, na usiirudishe kabla hujaitekeleza.

Folda yangu imejaa lupu ambazo hazijaisha. Nizifute?

Usifute. Zipange kwa kasi na ufunguo, uandike hivyo kwenye jina la faili: 118, La ndogo (A minor). Zilizo karibu, tuseme zimepishana mapigo matatu au manne, ziburute ziwe kasi moja, uzipige pamoja. Mara nyingi lupu iliyokwama ilikuwa inakosa sehemu ya pili, na sehemu hiyo ulishaitunga miezi sita iliyopita ukadhani ni ngoma nyingine. Ya kwanza inakuwa ubeti, ya pili inakuwa dropu. Kama funguo zinagombana, hamisha chodi za moja. Ngoma na kayamba hazina neno.

Zile zisizoendana na yoyote, mpe mwenzako wa Nakuru au Kakamega zikiwa WAV, naye akupe zake. Kubalianeni mgao wa haki kabla ya kuanza, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.